Wawindaji wa Mutshatsha na Pori la Baba Zao

Mtu akifuata njia ya reli kutoka Kolwezi kwenda Dilolo hupita Mutshatsha, na kwa mwendo mrefu huona kitu kimoja tu: pori. Miti ya miombo, mabonde ya majani yanayojaa maji wakati wa mvua, vichuguu vikubwa vya mchwa, kisha miombo tena. Msafiri aliyezoea mji hutazama pande zote na kusema: "Nchi hii haina mtu."

Neno hilo dogo, "haina mtu", lina historia ndefu katika Katanga. Serikali moja baada ya nyingine imelitumia kulichukua pori, mara kwa ajili ya pembe za ndovu, mara kwa ajili ya shaba, mara kwa ajili ya kuhifadhi wanyama na kupokea watalii. Na kila mara mtu wa kwanza kuumia alikuwa mwindaji. Mkulima ana shamba la kuonyesha, na mwenye nyumba ana ukuta wake. Mwindaji hana cha kuonyesha ila njia yake porini, nayo hufunikwa na majani kila mwaka.

Siku hizi wawindaji wa upande wetu huuliza: Je, tutabakiziwa pori la kuwinda, au yote yatawekewa mipaka kwa ajili ya wanyama na wageni? Swali hili si la watu wachache wenye magobori tu. Lahusu chungu cha kila kijiji, na lahusu haki. Yafaa basi tulitazame tangu mwanzo.

Pori lilikuwa na sheria

Wenyeji wa Mutshatsha na majirani zao ni Walunda na Wandembo, Wasanga, Wakaonde, Waluba na Wachokwe. Makabila hayo hayakuwa na desturi moja katika kila jambo, lakini katika uwindaji yalifanana sana. Mwindaji hakuwa mtu yeyote aliyeokota upinde. Alikuwa mtu aliyefundishwa na mkubwa wake, akajaribiwa, kisha akaingizwa katika chama cha wawindaji. Kwa Wandembo uwindaji wa upinde na mitego uliitwa wubinda, na uwindaji wa bunduki uliitwa wuyanga. Kila mmoja ulikuwa na mafundisho yake na miiko yake. Mtaalamu Victor Turner wa Uingereza alikaa na Wandembo wa Mwinilunga, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, katika miaka ya 1950 hadi 1954, akaandika habari nyingi za vyama hivyo. Aliona kwamba watu walimheshimu mwindaji kuliko mkulima, ingawa sehemu kubwa ya chakula chao ilitoka shambani, tena kwa kazi ya mikono ya wanawake.

Nyama haikuwa mali ya mwindaji peke yake. Mnyama akianguka, aligawanywa kwa utaratibu, na watu wa kijiji walipata mafungu yao kadiri ya ujamaa na heshima. Mwindaji aliyeficha nyama alionekana kama mchawi, maana alikula peke yake kilicho cha wote. Katika nchi nyingi za Kongo ya kusini, ndovu akiuawa, jino moja lilikuwa la mwindaji, na lile lililogusa ardhi lilikuwa la sultani mwenye nchi. Fikirini maana ya desturi hiyo. Jino lililogusa ardhi lilikwenda kwa mwenye ardhi. Basi pori lilikuwa na mwenyewe, na kila mwindaji alimjua. Aliyefuata mnyama mpaka nchi ya sultani mwingine alijua kwamba amevuka mpaka, ingawa hapakuwa na nguzo wala ubao wenye maandishi.

Mahali pengi hata moto wa majani ulikuwa na wakati wake. Haukuwashwa na kila apendaye, siku yoyote apendayo. Hatusemi kwamba watu wa kale walikuwa na elimu ya wanyama kama ile ya vyuo vikuu. Twasema tu kwamba walikuwa na sheria, na sheria hiyo ilikuwa na watu wa kuilinda.

Pembe na baruti

Hata hivyo tusiwasifu wazee kupita kiasi. Katikati ya karne ya 19 alifika Katanga mtu aliyeitwa Msiri, mwenye asili ya upande wa Unyamwezi, akajenga ufalme wake, na mji wake mkuu ukawa Bunkeya. Watu wake waliitwa Wayeke. Jina hilo lenyewe latokana na chama cha wawindaji wa ndovu katika nchi walikotoka. Pembe za Katanga zilisafirishwa pande mbili: mashariki mpaka pwani ya Waswahili, na magharibi mpaka Benguela. Zikarudi nguo, bunduki na baruti. Pamoja na pembe waliuzwa watu pia, wala jambo hilo halifai kufichwa.

Hapo ndipo uwindaji wa huku ulipoanza kutoka katika chungu cha kijiji na kuingia katika soko la mbali. Mwenye kuwinda kwa ajili ya chungu huacha akishiba. Soko halishibi. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili. Ufalme wake ukavunjika, lakini hamu ya pembe haikuvunjika. Ilibadili mabwana tu.

Nchi iliyoitwa tupu

Dola Huru ya Kongo ilianzishwa mwaka 1885. Tarehe 1 Julai ya mwaka ule ule ikatoka amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali. Wenyeji waliachiwa ardhi waliyokalia, yaani, kwa jinsi amri ilivyofuatwa, vijiji na mashamba yao. Pori walikowinda, walikookota uyoga na asali, walikokata miti na kuvua samaki, mara nyingi lilihesabiwa kuwa tupu. Hivyo sehemu kubwa sana ya nchi ilipata bwana mpya, na wenyeji hawakuambiwa.

Katanga ikawa na habari yake yenyewe. Tarehe 19 Juni 1900 iliundwa Halmashauri Maalum ya Katanga, nayo ikapewa kusimamia ardhi na madini ya eneo lote. Mwezi mmoja kabla yake, tarehe 19 Mei 1900, mataifa ya Ulaya yenye makoloni yalikuwa yametia sahihi mapatano katika mji wa London juu ya kuhifadhi wanyama wa Afrika. Dola ya Kongo ilikuwamo. Hakukuwa na mwindaji hata mmoja wa Afrika katika mkutano ule. Na miaka kumi nyuma, Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umezuia bunduki za kisasa zisiuzwe kwa wenyeji wa Afrika. Wao waliachiwa magobori tu.

Haya yote yakakutana porini. Mzungu mwenye kibali na bunduki nzuri aliitwa mwindaji. Mwenyeji mwenye mtego wa kamba, akitafuta nyama ya watoto wake, aliitwa mwizi wa wanyama. Amri ya tarehe 21 Aprili 1937 juu ya uwindaji na uvuvi ilizidi kuyatia mambo katika vibali na ada. Kwa mtu wa mjini kibali ni karatasi. Kwa mtu wa kijiji cha mbali kibali ni safari ya siku nyingi, fedha asizo nazo, na lugha asiyoisoma.

Wakati ule ule reli ilikuwa imekwisha kufika. Njia ya Tenke mpaka Dilolo, inayopita Mutshatsha, ilikamilika mwaka 1931, ikaunganishwa na reli ya Benguela. Mwaka 1937 ulianzishwa mji wa Kolwezi kwa ajili ya shaba. Penye migodi pana watu wengi, na penye watu wengi pana haja ya nyama. Nyanda za Biano zikawekwa ng'ombe wa makampuni. Pori lililobaki likapata mlaji mpya: soko la mji.

Hifadhi zaanza

Hifadhi ya kwanza ya taifa katika Kongo, na katika Afrika nzima kwa jinsi wengi wanavyohesabu, ilikuwa Hifadhi ya Albert, ambayo leo yaitwa Virunga. Ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925. Huku Katanga ilifuata Upemba, tarehe 15 Mei 1939. Ilipoanzishwa ilikuwa kubwa mno, zaidi ya hekta milioni moja na nusu. Baadaye mipaka yake ilipunguzwa, na leo eneo lake ni karibu hekta 1,173,000. Kati ya 1946 na 1949 wataalamu walioongozwa na G. F. de Witte waliizunguka Upemba wakikusanya wanyama, wadudu na mimea, wakaandika vitabu vingi. Elimu iliongezeka sana. Lakini kwa wenyeji waliokuwa wakiwinda na kuvua ndani ya mipaka ile, maana ya hifadhi ilikuwa moja: jana palikuwa petu, leo tukionekana tutafungwa.

Mwaka 1957 ukatengwa upande wa Basse-Kando, karibu na Kolwezi, kwa ajili ya viboko na uwindaji wenye vibali. Mwaka 1970 ikaanzishwa Hifadhi ya Kundelungu, yenye maporomoko mashuhuri ya Lofoi. Na mwaka 1973 sheria mpya ya ardhi ilitangaza kwamba udongo wote wa nchi ni mali ya taifa. Sheria hiyo ilikiri kwamba kuna ardhi zinazokaliwa na jamii za vijijini kwa desturi, ikasema kwamba haki za watu juu ya ardhi hizo zitapangwa kwa amri ya Rais. Amri iliyoahidiwa katika sheria ile haikutoka. Wenyeji wakaachwa mlangoni, hawakuingizwa ndani wala hawakufukuzwa.

Upemba na Kundelungu haziko Mutshatsha yenyewe. Kwa nini basi wawindaji wa Mutshatsha wana wasiwasi? Kwa sababu wameona yaliyowapata jirani zao. Tena wameona jambo lingine lililowachoma moyo: katika Basse-Kando, mahali palipokatazwa mtego wa maskini, zilitolewa leseni za kuchimba madini. Mashine kubwa zikaingia mahali ambapo mtu mwenye upinde alikuwa akikamatwa. Na katika eneo la Mutshatsha mgodi wa Kamoa-Kakula, ulioanza kutoa shaba mwaka 2021, umezungushiwa mipaka yake. Mwindaji huona basi kwamba pori laliwa pande mbili. Upande mmoja aambiwa, "Ondoka, tunawahifadhi wanyama." Upande mwingine aambiwa, "Ondoka, tunachimba." Kwake yeye neno lililobaki sikioni ni lile la kwanza: ondoka.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Waswahili husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Utalii wasifiwa kwa maneno kama hayo. Twaambiwa kwamba mgeni atakuja kutazama punda milia wa Upemba, ambao ndio wa mwisho katika Kongo yote, au atakuja kuwinda kwa kibali cha bei kubwa, na fedha yake itajenga shule na zahanati. Jambo hilo si uongo kwa jinsi lilivyo. Lakini yatupasa kuuliza: mwenyeji apona kweli?

Sheria ya Kongo ya tarehe 28 Mei 1982 juu ya uwindaji haikumsahau kabisa mtu wa kijijini. Katika utaratibu wake wa vibali, kando ya vibali vya michezo na vya utalii, kuna kibali cha uwindaji wa vijijini na kibali cha pamoja kwa ajili ya wanakijiji. Jambo jema limeandikwa. Lakini kibali kisichojulikana na watu hakimsaidii mtu. Mgeni ana wakala wa kumtafutia karatasi zake, mwanakijiji hana. Kwa hiyo pori lililo wazi kwa wote kwenye karatasi huwa wazi kwa mwenye fedha tu.

Zambia, jirani zetu wa kusini, walijaribu njia nyingine. Sheria yao ya 1998 ilianzisha mabaraza ya wanakijiji katika maeneo ya uwindaji, nayo yakaahidiwa nusu ya ada ya wanyama wanaowindwa na wageni. Kumekuwa na malalamiko ya fedha kuchelewa, na ya fungu dogo kufika nyumbani kwa watu. Walakini kanuni yenyewe yapatana na desturi ya wazee: mnyama akianguka, mwenye nchi ana fungu lake. Ni lile lile jino lililogusa ardhi.

Mafundisho mawili ya jirani

Tusogee mbali kidogo, tutazame watu wawili waliokuwa wawindaji wakaondolewa porini, ili tujue njia ile huishia wapi.

Wa kwanza ni Batwa wa Kahuzi-Biega, huko Kivu. Hifadhi yao ilianzishwa mwaka 1970 kwa ajili ya sokwe wakubwa, ikapanuliwa mwaka 1975. Batwa, waliokuwa wakiishi kwa kuwinda na kuokota matunda ya msitu, walitolewa bila fidia ya kufaa na bila ardhi nyingine. Wakawa vibarua na waombaji pembezoni mwa msitu waliozaliwa ndani yake. Mwaka 2018 baadhi yao walirudi kwa nguvu. Ukafuata ugomvi mchungu kati yao na walinzi, watu wakafa pande zote mbili, na miti mingi ikakatwa kwa makaa. Mwaka 2024 ikatangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu: serikali ilivunja haki za Batwa, na yapasa warudishiwe ardhi yao. Miaka karibu 50 ilikuwa imepita. Waliofukuzwa wakiwa vijana walikuwa wamezeeka au kufa.

Wa pili ni Waata wa Kenya, ambao wengine waliwaita Waliangulu. Walikuwa wawindaji hodari wa ndovu kwa pinde nzito na mishale ya sumu. Mwaka 1948 nchi yao ilitiwa katika Hifadhi ya Tsavo. Mwaka 1956 na 1957 serikali ya kikoloni ilifanya msako mkubwa, na wengi wao wakafungwa. Halafu, mwaka 1960, ulianzishwa mpango wa Galana kando ya hifadhi, ili Waata wapate kuwinda kwa halali chini ya usimamizi. Lilikuwa wazo jema, ila lilipangwa na wengine, nao hawakuwa mabwana wa kazi ile. Mpango haukudumu. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote.

Je, ndovu walipona kwa sababu Waata waliondolewa? Kwanza walizidi wakala miti, hata ukame wa 1970 na 1971 ukaua maelfu yao. Kisha wakaja majangili wenye bunduki za kivita, wakiuza pembe ng'ambo. Ndovu wa Tsavo waliokuwa makumi ya maelfu walibaki karibu 6,000 tu katika hesabu ya mwaka 1988. Mtu wa upinde aliyelijua kila kisima alikuwa hayupo tena, wala hakuwa na sababu ya kupiga kelele alipoona mgeni mwenye bunduki. Hilo ndilo fundisho la Tsavo: ukimwondoa mwenye nyumba, umeuondoa mlango pia.

Je, wawindaji hawana lawama?

Tungekuwa waongo kama tungemwekea lawama yote mzungu, au serikali, au mtalii. Wanyama wa Mutshatsha wamepungua kweli, na kila mzee ajua. Mahali ambapo babu alimpata pofu na palahala, mjukuu ashukuru akipata ndezi. Sababu ni nyingi.

Kwanza, vita. Mwezi wa Machi 1977 wapiganaji wa FNLC waliotoka Angola waliuteka Mutshatsha, na mwezi wa Aprili jeshi la serikali likisaidiwa na askari wa Morocco likaurudisha. Mwaka uliofuata vita vikafika Kolwezi. Askari mwenye njaa hamwulizi mnyama kama ana mimba. Tena silaha za vita hubaki porini baada ya amani kutangazwa. Upemba nayo, toka mwisho wa miaka ya 1990, imekuwa maficho ya makundi yenye silaha, na wanyama wake wameuawa wengi mno.

Pili, soko. Kolwezi ya leo ni mji mkubwa unaopenda nyama ya pori na una fedha ya kuinunua. Mwindaji anayepeleka nyama mjini kwa pikipiki kila wiki hafuati tena sheria ya babu zake, hata kama anatamka maneno yao. Hagawi mafungu, hana majira, wala hamjui mwenye nchi. Mitego ya waya hukamata jike na mtoto bila kuchagua, na mingi huachwa bila kutazamwa hata mnyama akaoza ndani yake. Tatu, makaa: miombo ikikatwa, mnyama hahitaji kufukuzwa, ahama mwenyewe.

Tuwakumbuke pia walinzi wa hifadhi. Wengi wao ni watoto wa vijiji kama vyetu, mshahara wao ni mdogo, na kazi yao ni ya hatari. Virunga peke yake imewapoteza zaidi ya 200 tangu ilipoanzishwa. Mwindaji anayemwona mlinzi kama adui, na mlinzi anayemwona mwindaji kama jangili, wote wawili wanampa nafasi jangili wa kweli.

Basi mwindaji anayedai pori la baba zake hana budi kuidai na sheria ya baba zake. Hawezi kuchukua moja na kuacha nyingine. Akisema, "Pori hili ni letu," ataulizwa: "Mnalilinda namna gani?" Jibu la swali hilo ndilo litakalomwokoa, kuliko malalamiko yoyote.

Yafaa nini sasa?

Zamani haki ya mwindaji ilikaa katika kumbukumbu za wazee, na ilitosha, kwa kuwa jirani wote walizijua. Leo wageni hawazijui, na ofisi haisomi kumbukumbu. Waswahili husema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Hivyo ndivyo pori letu lilivyopotea kidogo kidogo, kwa kukosa daftari. Kwa bahati njema sheria za miaka hii zimefungua milango kadhaa.

Mlango wa kwanza ni msitu wa jamii. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 yairuhusu jamii ya kijiji kuomba msitu inaoumiliki kwa desturi, mpaka hekta 50,000, na kuupewa kwa maandishi, bila kikomo cha miaka. Katika msitu huo jamii hupanga yenyewe, kwa mpango uliokubaliwa na serikali, mahali pa kuwinda, mahali pa kupumzisha wanyama, na mahali pa kukata miti. Ili kuupata lazima watu wachore ramani pamoja na jirani zao, waelewane juu ya mipaka, na wachague viongozi wa kuusimamia. Ni kazi ya miezi mingi na yataka uvumilivu. Lakini baada yake hakuna atakayesema kwa urahisi kwamba nchi ile haina mtu.

Mlango wa pili ni sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kuhifadhi viumbe. Sheria hiyo yataka kwamba kabla ya kutenga hifadhi mpya ufanyike uchunguzi wa madhara kwa nchi na kwa watu, na wenyeji waulizwe. Basi siku watakapokuja watu wa ofisi na ramani zao, wawindaji wasikimbilie porini wala wasinyamaze nyuma ya mkutano. Waende mbele, waseme njia zao ziko wapi, visima viko wapi, na makaburi ya wazee wao yako wapi. Neno lisilosemwa siku ya uchunguzi ni vigumu kulisema siku ya kufungwa.

Mlango wa tatu ni sheria ya madini kama ilivyogeuzwa mwaka 2018. Kampuni ya kuchimba yapaswa kuandikiana na vijiji inavyovigusa ahadi za maendeleo, na kutenga asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa ajili ya jamii hizo. Mara nyingi katika mazungumzo ya namna hii hutajwa nyumba, miti ya matunda na mashamba. Pori la kuwinda husahauliwa. Lisisahauliwe. Mama anayepoteza uyoga na baba anayepoteza nyama wamepoteza chakula kama yule aliyepoteza mihogo.

Kisha kuna mlango usiohitaji ruhusa ya ofisi yoyote, nao ni chama cha wawindaji. Vijiji vyaweza kukaa pamoja na masultani wao na kukubaliana: hakuna mitego ya waya, hakuna kuwinda wakati wanyama wanazaa, bonde fulani lisiguswe miaka mitatu, nyama iliwe kijijini kwanza, mgeni mwenye bunduki ya kivita aripotiwe siku ile ile. Kijiji chenye kanuni kama hizo, zilizoandikwa na kufuatwa, kitakuwa na la kusema mbele ya mkuu wa eneo, mbele ya watu wa hifadhi na mbele ya kampuni.

Tangu 2017 Upemba na Kundelungu zinasimamiwa na idara ya serikali ya hifadhi, ICCN, pamoja na shirika liitwalo Forgotten Parks. Huenda siku moja wanyama wakaongezeka huko, wakatoka nje ya mipaka, na watalii wakaja kwa wingi. Tutafurahi. Hatupingi kuwahifadhi wanyama. Mtoto wa Mutshatsha asiyemwona punda milia ila katika picha ameibiwa sehemu ya urithi wake. Tunachokataa ni kwamba urithi huo utunzwe kwa kumtoa mrithi nje ya nyumba.

Wazee walilipa jino lililogusa ardhi, kwa kuwa walijua ardhi ina mwenyewe. Kila anayekuja leo katika miombo ya Mutshatsha, awe na bunduki, kamera au mashine ya kuchimba, na aulizwe swali lile lile la kale: Jino la mwenye nchi liko wapi? Na wenye nchi nao wawepo kulipokea, wamekaa pamoja, daftari mkononi, na wanyama wao wangali hai.